Macho Mawili

Ukipogoa mzabibu, husema mjomba Sajilo,
acha macho mawili kila tawi.
Mengine kata. Usiyaonee huruma.

Mimi nilianza kuona manne.
Tawi moja, macho manne, kesho yake sita,
na mkasi wangu ukang'ata hewa,
ukang'ata waya, siku moja ukang'ata kidole.
Mpunguzi wakasema: Nyemo siku hizi mzembe.
Mwezi ulipochomoza juu ya mashamba
nilihesabu mitatu, imepandana
kama sahani ambazo hazijaoshwa.

Nilikuwa nafikicha. Nakiri.
Tangu utotoni, upepo wa Julai ukisomba vumbi
kutoka barabara ya Iringa,
nilifikicha kwa vifundo vya vidole
mpaka nyota zitoke, mpaka raha.
Hakuna aliyeniambia raha ile inaandikwa deni.

Daktari kule mjini alichora jicho kwenye bahasha ya kaki.
Kioo cha mbele, akasema, huwa duara kama bakuli.
Chako kinachongoka, na kila mwaka kinazidi.
Nikatazama. Nikaona kichuguu.
Mna nyuzi humo, akasema, nazo zimelegea
kama kitanda cha kamba kilichozaliwa watoto tisa.
Mtande upo. Tutatia mshindio,
kwa matone na taa.

Mama akauliza nililoogopa kuuliza:
"Ataona kama zamani?"
"Hapana, mama."
"Sasa tunalipia nini?"
"Kusimama. Jicho lisimame hapo lilipo."
Mama akaitazama bahasha muda mrefu.
Ndani ya pochi yake mlikuwa na kreti arobaini za zabibu
na mbuzi mmoja mwenye mimba.
"Mjini hapa hata gari hulipiwa kusimama,"
akasema, akafungua zipu.

Ganzi. Kisha kikoleo kikanizuia kupepesa.
Wakakwangua ngozi ya juu, nyembamba kuliko ganda la zabibu.
Sikusikia maumivu; nilisikia kukwanguliwa.
Halafu tone, la manjano ya kiini cha yai la kienyeji.
Sista Yunis alihesabu. Dakika mbili, tone.
Dakika mbili, tone.
"Vitamini tu hii," akasema, "iko hata kwenye maini."
Ndipo taa. Si buluu, si zambarau,
rangi ya tunda linalosita kuiva.
"Itazame. Usihame."

Nusu saa bila kuhama ni shamba zima.
Koridoni redio ilikuwa bungeni:
wanaoafiki waseme ndiyo.
Ndiyooo.
Wasioafiki waseme siyo.
Nami ndani ya mwanga niliziwaza nyuzi zangu
zikiulizwa moja moja,
zikishikana mikono, zikisema ndiyo,
na moja kule pembeni, naijua, siyo.

Usiku ule sitausimulia.
Mama aliziba dirisha kwa kanga mbili
na bado mwanga wa mshumaa wa jirani ulinichoma.
Siku ya tano wakatoa kile kiplastiki kilichofunika kidonda,
nikaona ukuta. Ukuta wa kawaida, wenye ukungu wake.
Sikupiga vigelegele.

Miezi sita baadaye, ramani ya jicho langu kwenye kioo cha kompyuta:
kijani, njano, na katikati wekundu
kama mlima uliochomwa moto kiangazi.
Daktari akaweka ya zamani kando ya mpya.
"Haijasogea."
Mama alilichukua neno hilo hadi nyumbani.
Alimwambia mwuza nyanya. Alimwambia mchungaji.
Haijasogea! Utadhani nimefaulu mtihani wa serikali.

Jicho la kulia zamu yake ni baada ya mavuno.
Mwezi bado una mdogo wake mgongoni.
Tawi nalishika kwanza, dole gumba linatafuta vinundu,
moja, mbili, hapo nakata.
Mjomba amenyamaza, ndiyo sifa yake.

Leo upepo umerudi.
Mkono umeanza kupanda wenyewe, umefika shavuni.
Naushusha.
Naukalia.